Tembo aliyekataa kuvuka daraja

Jumapili ya tarehe 4 Januari 1903, pale Coney Island, mwisho kabisa wa Brooklyn ambapo jiji la New York linaishia baharini, tembo jike mmoja anaitwa Topsy aliletwa mpaka kwenye daraja dogo la kuvukia bwawa, akasimama. Wakamvuta, hakwenda. Wakamshawishi kwa chakula, hakwenda. Ng'ambo ya daraja, kwenye kisiwa kidogo katikati ya maji, walikuwa wameshaandaa nyaya za umeme za kumuulia, na watu 1,500 hivi walikuwa wanasubiri kuona, wengine wamepanda mpaka juu ya mapaa ya nyumba za jirani. Topsy akagoma. Mwisho wa yote ikabidi nyaya zihamishwe, zimfuate pale aliposimama.

Hilo daraja ndo limenifanya niandike haya yote. Naishi Brooklyn mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na kuna bibi mmoja nilikaa nae zaidi ya mwaka, kazaliwa hapahapa, alikuwa anapenda sana kunihadithia utoto wake Coney Island, mataa, bembea, muziki, maji ya chumvi kwenye nywele, na siku moja katikati ya kunywa supu akaniambia tu, "zamani waliua tembo pale, sisi watoto tulikuwa tunaambiwa." Basi. Akaendelea na supu yake. Mi nikarudi nyumbani usiku ule badala ya kulala nikaanza kutafuta kwenye simu, nikakuta filamu.

Ntaifikia filamu. Kwanza niseme nimetokea wapi maana inahusiana.

Kwetu ni upande wa Mikumi, mkoa wa Morogoro, kijiji ambacho mashamba yake yamekaribiana na hifadhi. Kwetu tembo siyo ile picha ya kwenye noti ya elfu kumi. Ni yule anayekuja usiku mahindi yakikaribia kukomaa, anakuja na ukoo wake wote, na asubuhi unakuta nusu eka imelala chini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa analala kwenye dungu msimu mzima, ana debe na kipande cha chuma, akisikia tu matawi yanavunjika anaanza kulipiga lile debe na kupayuka, na sisi watoto huku nyumbani tukisikia debe tunajua leo wamekuja. Asubuhi tunaenda kuangalia nyayo. Udongo ukiwa umelowa, unyayo wa tembo unakaa kama ungo, mviringo kabisa, na ukiinama karibu unaona michirizi ya ngozi ya chini ya mguu wake imechapwa kwenye tope, inapishana pishana kama nyufa za chungu cha zamani. Nilikuwa naingiza miguu yangu yote miwili kwenye unyayo mmoja na nafasi inabaki. Bibi alikuwa na hasira nao na heshima nao kwa wakati mmoja, usiku hawataji kwa jina, anasema "wakubwa wamepita."

Kwahiyo naomba nieleweke, mi siandiki kama mtu anayemjua tembo kwenye katuni. Najua tembo anaua, kijijini kwetu tumezika watu. Lakini hata sisi tuliozika watu sijawahi kusikia mtu amekatisha tiketi.

Sasa Coney Island. Watu wengi wakisikia jina hilo wanawaza bembea kubwa na vile vigari vya kwenye reli vinavyopanda na kushuka kwa kasi watu wanapiga mayowe. Ila bustani ya kwanza pale kuzungushiwa uzio na kutoza watu kiingilio getini ilibeba jina la wanyama, iliitwa Sea Lion Park, yani bustani ya simba-bahari, wale wanyama wa majini wenye masharubu kama ya paka na mapezi badala ya miguu. Ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1895 na Paul Boyton, jamaa ambaye alishakuwa maarufu dunia nzima kwa kuogelea umbali mrefu akiwa kavaa vazi la mpira lililojazwa hewa, mwaka 1875 alivuka nalo ule mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Ekari 16. Ndani kulikuwa na bwawa, na mteremko mrefu wa mbao ambao mashua za chini bapa zilikuwa zinashuka mbio na kuruka juu ya maji, na kuna reli ya kigari kinachozunguka duara kichwa chini miguu juu, hiyo iliumiza watu shingo kwa sababu duara lenyewe lilikuwa la mviringo kamili na mtu anabanwa ghafla wakati anaingia. Na kulikuwa na simba-bahari 40 waliofundishwa michezo.

Nimefikiria sana kwanini wanyama. Kabla ya Boyton, Coney Island ulikuwa unatembea bure ufukweni, ukipenda kitu unalipia hicho kimoja, ukichoka unaondoka. Yeye aliweka uzio. Ukishaweka uzio lazima uwe na kitu kinachomfanya mtu aliyeko nje atamani kuingia, na bembea ukiiona ukiwa nje umeshaiona, ila mnyama unamsikia sauti tu, unanusa harufu yake, hujui leo atafanya nini. Mbao unajenga mara moja. Mnyama unamtangaza kila siku upya.

Na pale tembo alikuwa ameshatangulia hata kabla ya tembo mwenyewe kufika. Mwaka 1885 walijenga hoteli yenye umbo la tembo, nyumba ya mbao iliyofunikwa bati, urefu wa futi 122, vyumba 31, aliyeibuni ni James Lafferty, yuleyule aliyejenga tembo mwingine wa mbao anaitwa Lucy kule Margate, New Jersey, na Lucy bado amesimama mpaka leo, watu wanapanda ndani yake. Yule wa Coney Island ulikuwa unapanda ngazi kupitia kwenye mguu wa nyuma, na kwenye mguu mmoja wa mbele kulikuwa na duka la tumbaku. Nilivyosoma hicho kipande nilisimamisha kila kitu. Mguu ambao mi naujua kama unyayo kwenye shamba la bibi, wao waliutengenezea mlango na kaunta, mtu anaingia kununua sigara. Hoteli haikufanikiwa, iliungua Septemba 1896. Na mwaka huohuo wa 1885 ndo yule tembo maarufu kuliko wote, Jumbo wa sarakasi ya Barnum, aligongwa na treni kule Kanada akafa. Jumbo huyo kuna wanaosema jina lake limetoka kwenye Kiswahili, jambo au jumbe, na mi kila nikiliona limeandikwa kwenye pakiti za vitu vikubwa vikubwa dukani huku, naskia kama kuna mtu wa kwetu ananisalimia kutoka mbali.

Topsy yeye alitoka Asia. Alikamatwa akiwa mtoto, kusini-mashariki mwa Asia, akaingizwa Marekani kimyakimya na sarakasi ya Adam Forepaugh, na mwaka 1877 wakamtangaza kuwa ndo tembo wa kwanza kuzaliwa kwenye ardhi ya Marekani. Ulikuwa uongo, na aliyeufichua ni Barnum, mpinzani wake Forepaugh, kwa sababu mfanyabiashara wa wanyama aliyemuuza Topsy alikuwa anamuuzia tembo Barnum pia, akamtonya. Jina lake wakampa la binti mtumwa kwenye riwaya iliyokuwa maarufu sana Marekani wakati ule. Hapo sina cha kuongeza. Mtoto ameibiwa kwa mama yake, kavushwa bahari, amedanganyiwa mahali alipozaliwa, kapewa jina la mtumwa, alafu akawekwa kazini miaka 25.

Miaka 25 ya sarakasi ni treni, hema, treni, hema. Mwezi Mei 1902 sarakasi ilikuwa imepiga kambi hapahapa Brooklyn, asubuhi akaingia kwenye banda la tembo mtu mmoja anaitwa James Fielding Blount, magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba alikuwa amelewa, akawa anawachokoza tembo, na mwisho akamchoma Topsy kwenye ncha ya mkonga na sigara inayowaka. Kama hujawahi kukaa karibu na tembo, ncha ya mkonga ni kama vidole vyako na pua yako na midomo yako kwa pamoja, anaweza kuokota punje ya karanga kwa hiyo ncha. Topsy akamuua. Na hapo magazeti yakaanza, wakamhesabia vifo visivyokuwepo, mara ameua watatu mara ameua kumi na kitu, wakati kifo ambacho kweli kina ushahidi ni hiki kimoja. Sarakasi mwanzoni haikuona tabu, tembo muuaji anajaza hema. Ila mwezi uliofuata mtu mwingine akamchokonoa kwa kijiti nyuma ya sikio, akamnyanyua, huyo akaokolewa, na sarakasi ikaamua kumuuza.

Aliyemnunua ni Boyton, Juni 1902, kwa ajili ya Sea Lion Park. Kiangazi kile mvua ilinyesha karibu msimu mzima, watu hawakuja ufukweni, biashara ikafa, na mwisho wa msimu Boyton akaachia eneo. Wakalichukua vijana wawili wenye pesa na ndoto kubwa, Frederic Thompson na Elmer Dundy, ambao walishatajirika na mchezo wao wa safari ya mwezini, unaingia kwenye chombo chenye mabawa kinatikisika, picha zinapita pembeni, unashuka unakuta mji wa mwezini. Wao ndo walijenga Luna Park pale pale. Topsy alikuja pamoja na eneo, kama vile unavyopanga nyumba ukakuta kabati.

Wakamfanyisha kazi ya ujenzi. Hii ndo sehemu inaniuma kuliko zote baada ya daraja, kwamba yeye mwenyewe alibeba mbao na kuvuta vyombo vya ile bustani. Mtunzaji wake alikuwa ni William Alt, aliyekuja nae kutoka sarakasi, mtu wa pombe. Oktoba 1902 wakati wanahamisha kile chombo cha safari ya mwezini Alt akamchoma Topsy na uma wa majani, polisi akaingilia, Alt akamfungulia tembo akazurura mtaani. Desemba akalewa tena, akampanda akaenda nae mpaka kituo cha polisi, Topsy akajaribu kupita mlangoni, askari wakakimbilia mahabusu kujificha. Alt akafukuzwa kazi. Sasa tembo akabaki bila mtu anayemjua, na Thompson na Dundy wakawa na mnyama mkubwa ambaye sarakasi wala bustani ya wanyama yoyote haimtaki hata bure.

Wakaamua kumnyonga hadharani, na wakapanga kutoza kiingilio, senti 25 kwa kichwa.

Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikakataa, kikasema kunyonga ni ukatili na kutoza watu kiingilio haikubaliki, kwahiyo wakakubaliana watumie sumu, umeme na kamba kwa pamoja, mbele ya wageni waalikwa na waandishi. Nimeangalia picha za siku ile. Nyuma ya tembo kuna tangazo kubwa limetundikwa la ufunguzi wa Luna Park, mwezi Mei, uwekezaji wa dola 1,000,000. Wamemfunga kamba mbele ya tangazo. Yani walihakikisha kila mpiga picha atakayempiga yeye anawapigia na wao tangazo lao bure. Ndo maana nikisoma mpaka leo watu wanaandika "tembo mkorofi aliyehukumiwa kifo" nashindwa kunyamaza, hakuna aliyehukumiwa pale, kulikuwa na bustani inafunguliwa na ilikuwa inatafuta kuandikwa.

Walimvalisha viatu. Vibao vya mbao vyenye bati la shaba, vimefungwa kwenye nyayo zake na waya zimeunganishwa, mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Wakampa karoti zilizojazwa sianidi, jumla gramu 460, akala. Kuhusu daraja nimeshasema. Pale walipoona hataki kuvuka walimfuata Alt, yule mlevi aliyemchoma na uma, wakamwambia tutakupa dola 25 umvushe wewe maana anakusikiliza. Alt akakataa, na hakukaa kuangalia. Nimejaribu kumchukia huyo mtu nimeshindwa kumalizia, dola 25 kwa mtu aliyefukuzwa kazi mwezi wa Desemba ilikuwa hela.

Saa nane na dakika 45 mchana wakawasha. Volti 6,600, sekunde 10.

Filamu ni fupi, kama dakika moja na kidogo, haina sauti, nyeusi na nyeupe. Mwanzo unamwona Topsy anatembezwa, anakuja upande wako, anatembea kwa utaratibu kabisa, kamba shingoni, mwanaume yuko pembeni. Alafu picha inakata. Amesimama tayari amefungwa, anatingisha mguu mmoja, anaunyanyua kidogo anaushusha, kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana anajaribu kukiweka sawa. Alafu moshi unatokea chini, kwenye nyayo. Mwili unakakamaa wote kwa mara moja, moshi unazidi mpaka unamfunika miguu, na anaanguka kwa upande, taratibu kuliko unavyotegemea. Mi niliangalia mara moja, siangalii tena. Ule mguu ndo umenibaki. Alikuwa anajisikilizia kitu kilichofungwa chini ya mguu wake na hakuna aliyekuwa anajua lugha ya kumwambia.

Baada ya umeme wakakaza kamba shingoni kwa mashine ya mvuke dakika kumi ili wawe na uhakika.

Hapa kuna jambo moja linalozagaa sana mtandaoni lazima nilinyooshe, kwamba Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Kimarekani maarufu kwa taa ya umeme, ndo alimuua Topsy ili kuonyesha umeme wa wapinzani wake ni hatari. Siyo kweli. Ile vita ya kibiashara ya aina mbili za umeme, wa Edison na wa wapinzani wake, ilikuwa imeisha miaka kumi hivi kabla ya Topsy kuuawa, na Edison alikuwa ameshaachia usimamizi wa kampuni zake za taa. Hakuwepo Coney Island siku ile. Waliokuwepo ni mafundi wa kampuni ya umeme ya Brooklyn iliyobeba jina lake, na wapiga filamu wa kampuni yake ya filamu, ambao walienda kuuza ile filamu kwenye mashine za kuchungulia kwa kutumbukiza sarafu. Kumtwisha Edison kila kitu ni kuwasahau waliokuwa na sababu hasa, na sababu yao ilikuwa imetundikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Luna Park ilifunguliwa tarehe 16 Mei 1903, saa mbili usiku, kwa kuwasha taa 250,000 kwa mpigo. Kiingilio senti 10. Naamini ilikuwa nzuri kweli, siwezi kuwanyima hilo, fikiria mtu ametoka kwenye chumba cha giza Manhattan anaishi watu nane, anashuka kwenye treni anakuta mji mzima wa minara unawaka juu ya bahari. Yule bibi wa supu aliingia Luna Park akiwa mtoto kabla haijaungua mwaka 1944 na akiisimulia macho yake yalikuwa yanabadilika. Na wanyama waliendelea. Kulikuwa na ngamia wa kupanda, na tembo wa kupanda, na mwaka 1904 walikuwa na tembo wanaoteleza kwenye mteremko mpaka majini, hiyo nayo ina filamu, unawaona wanakaa matako chini wanashuka wanapasua maji, watu wamejipanga wanashangilia. Tembo mmoja wa Luna Park miaka hiyohiyo ya mwanzo alitoroka, akaingia baharini akaogelea mpaka kisiwa cha Staten Island ng'ambo. Nampenda huyo.

Na siwezi kuongelea wanyama wa maonyesho New York miaka ile bila kumtaja mtu. Mwaka 1905 Luna Park waliweka kijiji cha Waigoroti kutoka Ufilipino, watu wazima na watoto, nyuma ya uzio, tiketi. Na Septemba 1906 kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, hapahapa jijini, walimweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Wachungaji weusi wa makanisa ya jiji, wakiongozwa na James Gordon, wakapiga kelele mpaka akatolewa, akapelekwa kwenye kituo cha yatima weusi hapa Brooklyn ambacho Gordon alikuwa anakisimamia. Hakurudi Kongo. Alijitoa uhai mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia. Taasisi ya bustani ile iliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadae. Nakaa mitaa ambayo siyo mbali na kilipokuwa kile kituo, nikipita pale usiku nikitoka shifti namsalimia kwa Kiswahili, najua huenda hakuwa anakisema, ila ndo lugha niliyonayo.

Bustani ya tatu kubwa, Dreamland, ilifunguliwa Mei 1904, yote nyeupe, mnara wa futi 375, wakajisifu wana taa milioni moja kuwapita Luna Park. Wao walikuwa na simba. Maonyesho ya Frank Bostock, Mwingereza aliyejiita mfalme wa wanyama, na mfunzaji wake Jack Bonavita alikuwa anaingia kwenye kizimba na simba 27 kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo wa 1904 simba akamrarua mkono, ukaja kukatwa. Akaendelea na kazi kwa mkono mmoja. Aliuawa na dubu mweupe mwaka 1917.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, siku ambayo msimu mpya ulikuwa unaanza, mafundi walikuwa wanaziba sehemu inayovuja kwenye mchezo mmoja wa maji kwa lami ya moto, mchezo wenyewe uliitwa lango la Jehanamu. Taa zikalipuka, giza, ndoo ya lami ikapigwa teke. Dreamland ilikuwa mbao na plasta tu. Watoto njiti waliokuwa kwenye mashine za joto za daktari Martin Couney, maana na wao walikuwa maonyesho ya kulipia, wote waliokolewa. Wanyama kama 60 walikufa. Wafunzaji walijaribu kuwatoa, ila mnyama aliyefundishwa kurudi kizimbani akiogopa anarudi kizimbani. Simba mmoja, Black Prince, akatoka na manyoya ya shingo yanawaka, akakimbia mtaa wa Surf Avenue uliojaa watu, akapanda juu ya reli ya mchezo mwingine, polisi wakampiga risasi pale juu. Alipoanguka watu wakamkimbilia kukata vipande vya kwenda kuweka nyumbani, meno, manyoya, mkia.

Dreamland haikujengwa tena. Mwaka 1957 pale ilipokuwa wakafungua akwariamu ya jiji, inaendeshwa na taasisi ileile ya bustani ya Bronx, na ndani yake kuna simba-bahari. Nilienda mwezi wa tatu, baridi, upepo wa chumvi. Ukiwa unatembea kwenye ile njia ya mbao ya ufukweni unawasikia kabla hujafika getini, wanabweka kama mbwa waliopata mafua. Wanatunzwa vizuri, daktari wao yupo, watoto wa shule walikuwa wamekaa kimya wakimwangalia mmoja anageuza shingo nyuma kabisa kumtazama mtunzaji wake. Sikuona mtu wa kulaumu. Ila nilikaa pale nikihesabu, 40 wa Boyton, na hawa.

Nikaenda kutafuta daraja. Ilipokuwa Luna Park ya zamani saivi ni magorofa matano marefu ya makazi, yanaitwa Luna Park vilevile, na bustani mpya yenye jina hilo iko upande wa pili wa barabara tangu 2010. Hakuna bwawa. Kuna sehemu ya kuegesha magari, miti, mama mmoja anasukuma kitoroli cha sokoni. Mwaka 2003, miaka 100 baada ya kifo chake, jumba la makumbusho la Coney Island lilimwekea Topsy kumbukumbu, mashine ya kuzungusha kwa mkono ya kuangalia ile filamu, na ili uangalie unasimama juu ya bati la shaba. Aliyebuni aliwaza sawasawa kuhusu miguu.

Jioni ile nikampigia bibi Mikumi. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, kwa urefu, vocha ikaenda. Kwenye sigara akasema "astaghafiru." Kwenye daraja akanisimamisha, akataka nirudie. Walimvuta? Walimvuta. Na chakula akaonyeshwa? Akaonyeshwa. Akakaa kimya nikadhani mtandao umekata.

"Tembo anapima kwa mguu," akasema. "Hakanyagi hivihivi. Anaweka kidogo, anasikiliza, akiona hapafai harudii. Nimewaona mtoni, mama anaweka mguu, watoto wote wanamsubiri."

Alafu akaniambia wiki iliyopita wakubwa wamepita tena, upande wa mtoni, matuta manne ya mahindi, na yeye nguvu ya kulala dunguni hana tena, amewaambia vijana wamzungushie shamba kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu, maana tembo hapendi harufu yake, kwahiyo kama naweza nimtumie hela ya pilipili kilo tatu na oili chafu ya gereji.